Msimbo wa Python unakubali kwenye faili, ukibandikwa kwenye >>> unavunjika: sababu na tiba

Swali: Habari za kazi. Nina faili la Python, mauzo.py, la mistari kama sabini hivi. Nikiliendesha kwa `python3 mauzo.py` halina shida. Nikilinakili na kulibandika kwenye `>>>`, yaani pale Python inapongoja amri, ili nijaribu funksheni moja moja, napata msururu wa `IndentationError: unexpected indent`, na funksheni nyingine zinarudisha None bila sababu. Natumia Ubuntu 22.04. Mwenzangu kabandika msimbo uleule kwenye kompyuta yake ukakubali. Tatizo liko wapi, na nifanyeje?

Jibu: Salama. Msimbo wako ni mzima na Python yako ni nzima. Unapoendesha faili, Python hulisoma lote mpaka mwisho, ndipo ianze kutekeleza. Unapobandika kwenye `>>>`, kwa toleo ulilonalo, mkalimani (programu ya Python inayosoma na kutekeleza amri zako) hajui kabisa kwamba umebandika. Terminali inampelekea herufi moja moja kana kwamba ni wewe unayechapa kwa kasi ya ajabu, na kila mwisho wa mstari anauona kama umebonyeza Enter. Hana habari kwamba nyuma kuna mistari mingine sitini inakuja.

Sasa fikiria mtu anayechapa funksheni kwa mkono. Python haina mabano ya kufunga wala neno la kumalizia, kwa hiyo mkalimani atajuaje kwamba mtu amemaliza? Ndiyo maana ikawekwa kanuni: kwenye `>>>`, mstari mtupu unafunga chochote kilichofunguliwa kwa nukta mbili, yaani def, class, for, while, if, with na try. Ndani ya faili mstari mtupu ni pumziko la macho tu. Kwenye `>>>` mstari huohuo ni amri.

Tazama kinachotokea kwa klasi ya kawaida kabisa:

```
>>> class Akaunti:
...     def __init__(self):
...         self.salio = 0
...
>>>     def weka(self, kiasi):
  File "<stdin>", line 1
    def weka(self, kiasi):
IndentationError: unexpected indent
>>>         self.salio += kiasi
  File "<stdin>", line 1
    self.salio += kiasi
IndentationError: unexpected indent
```

Mstari mtupu ulioacha baada ya `__init__` umeifunga klasi yote. Mbinu ya `weka` (mbinu ni funksheni iliyo ndani ya klasi) imefika mlango umeshafungwa, na kwa kuwa inaanza na nafasi nne, mkalimani anaiona kama mstari uliojongezwa bila sababu. Angalia kwamba Akaunti yenyewe imekubaliwa: `a = Akaunti()` itapita, ila `a.weka(5000)` itakujibu `AttributeError: 'Akaunti' object has no attribute 'weka'`. Na PEP 8, mwongozo rasmi wa mtindo wa Python, unataka mstari mtupu mmoja kati ya mbinu za klasi na miwili kati ya funksheni za nje. Kwa hiyo kadiri msimbo ulivyoandikwa kwa nidhamu ndivyo unavyokatika zaidi ukibandikwa.

Zile None zako zinatoka hapohapo. Chukua hii:

```
def nauli(km):
    jumla = km * 150

    return jumla
```

Mistari miwili ya kwanza inatosha kuwa funksheni halali, basi mkalimani anaipokea. `return` inakuja baada ya mstari mtupu, inakataliwa. Umebaki na nauli inayopiga hesabu na kunyamaza. Ukiandika `nauli(10) + 500` unapata `TypeError: unsupported operand type(s) for +: 'NoneType' and 'int'`, na hapo mtu anaanza kutafuta kosa kwenye hesabu, ilhali kosa lilipita juu kabisa ya skrini dakika tano zilizopita.

Kuna kosa la pili ambalo ni kinyume cha hili, na watu wengi hawalihusishi na kubandika. Mkalimani anahitaji mstari mtupu *baada* ya kila fungu. Faili halihitaji. Ukibandika hivi:

```
for i in range(3):
    print(i)
print("tayari")
```

utapata `SyntaxError: invalid syntax` kwenye mstari wa tatu, na kitanzi hakitaendeshwa hata mara moja. Kwa mkalimani, `print("tayari")` imeingia katikati ya fungu ambalo halijafungwa, kwa hiyo analitupa fungu lote pamoja na mstari huo.

Zingatia neno hilo, *analitupa fungu pamoja na mstari huo*, kwa sababu ndipo kubandika kunapogeuka hatari. Baada ya kosa, mkalimani hasimami. Anaendelea na mstari unaofuata kana kwamba hakuna kilichotokea. Huu ni msimbo ambao mtu anaweza kuubandika kwenye Django (mfumo wa kujenga tovuti kwa Python), ndani ya `manage.py shell`, hifadhidata ya kazini ikiwa wazi:

```
wateja = Mteja.objects.all()
if jaribio:
    wateja = wateja.filter(id=7)
print(wateja.count())
wateja.delete()
```

Ukiuendesha kama faili huku `jaribio` ni True, unafuta mteja mmoja. Ukiubandika kwenye mkalimani wa kawaida, mstari wa kwanza unapita: `wateja` ni wateja wote. Fungu la `if` linafuatwa na `print` bila mstari mtupu, linatoa SyntaxError, linatupwa, na kichujio cha id=7 kinaondoka nalo. Kisha unakuja mstari wa mwisho, ambao hauna kasoro yoyote ya sarufi, nao unatekelezwa. Wateja wote wamefutwa. Kosa moja kwenye skrini, na mtu anadhani hakuna kilichofanyika kwa sababu ameona kosa. Kwa hiyo msimbo wowote unaofuta, unaohamisha pesa au unaobadili rekodi usiubandike kwenye `>>>` ya zamani kama yako, hata uwe wa mistari mitano. Uweke kwenye faili kisha `python manage.py shell < rekebisha.py`; hapo unasomwa wote kwanza, na sarufi ikiwa mbovu hakuna hata mstari mmoja utakaotekelezwa.

Kabla ya tiba, kanuni kamili ya mstari mtupu, maana inasaidia. Unaofunga fungu ni mstari ulio mtupu *kabisa*. Mstari wenye nafasi hata moja haufungi. Mstari wenye `#` peke yake haufungi pia, hata ukianzia pembeni kabisa kushoto. Mistari mitupu iliyo ndani ya mabano ambayo hayajafungwa, au ndani ya maandishi ya nukuu tatu, haina madhara. Kwa hiyo kama unabandika funksheni moja fupi na hutaki shughuli, weka `#` kwenye mistari mitupu ya ndani yake, acha mstari mtupu mmoja mwishoni, itapita. Usijaribu kufanya hivyo kwa faili zima kwa amri ya kubadilisha yote kwa mkupuo: utaziba pia ile mistari mitupu inayotenganisha funksheni na msimbo wa nje, ukimbie kosa la kwanza uangukie la pili.

Sasa, kwa nini kwa mwenzako inakubali? Kuna uwezekano mkubwa ana Python 3.13 au zaidi, au anatumia IPython, mkalimani mbadala nitakayemweleza chini. Ubuntu 22.04 inakuja na Python 3.10. Python 3.13, iliyotoka Oktoba 2024, ilileta mkalimani mpya uliotokana na ule wa mradi wa PyPy (toleo jingine la Python), na huyu anajua kubandika ni nini. Siri iko kwenye terminali. Terminali nyingi za leo, zikiombwa, hufunga maandishi yaliyobandikwa kwa alama mbili zisizoonekana: ESC[200~ mwanzoni na ESC[201~ mwishoni. Programu inayozielewa inajua kwamba kila kilicho kati ya alama hizo ni mzigo mmoja, na Enter zilizomo ndani si Enter za kidole. Mkalimani mpya anapokea mzigo wote, anausoma sarufi wote kwanza, ndipo anatekeleza kauli moja baada ya nyingine. Kukiwa na kosa la sarufi popote ndani yake, hakuna kinachoendeshwa. Ule mfano wa wateja usingeleta maafa huko.

Maktaba ya Readline, ambayo ndiyo inayosimamia uchapaji kwenye `>>>` ya zamani katika Linux, iliwasha alama hizo yenyewe kuanzia toleo 8.1. Lakini wasimamizi wa Python waliuzima utaratibu huo ndani ya mkalimani, na toleo lako la 3.10 limo. Walifanya sawa, kwa kuwa mkalimani wa zamani hakuandaliwa kupokea mistari mingi kwa mpigo. Ukikuta ushauri wa kuuwasha kwa nguvu kwa `readline.parse_and_bind`, uache.

Angalia toleo lako kwa `python3 -V`. Usidhani mfumo mpya una Python mpya: Ubuntu 24.04 ina 3.12, Debian 12 ina 3.11, zote ni za mkalimani wa zamani. Na hata ukiwa na 3.13, ukikuta mtu ameweka kigeu cha mazingira `PYTHON_BASIC_REPL`, utarudishwa kwa mkalimani wa zamani bila kuambiwa. Jambo moja dogo la mkalimani mpya linalowachanganya watu: ukibandika kauli tatu ambazo kila moja ingeonyesha jibu, ataonyesha jibu la ile ya mwisho tu. Ukitaka yote, tumia `print`.

Tuje kwenye kazi yako. Lengo lako ni kujaribu funksheni moja moja, na kwa hilo huhitaji kubandika kabisa:

```
python3 -i mauzo.py
```

Hiyo `-i` inaendesha faili lote kama kawaida, kisha badala ya kutoka inakuachia `>>>` huku funksheni na vigeu vyote vimeshapakiwa. Hata faili likikwama katikati kwa kosa la utekelezaji, bado unaingia kwenye `>>>` ukiwa na kila kilichokuwa kimeshafafanuliwa, jambo ambalo ni zuri sana kwa kuchunguza. Hii ndiyo njia ninayokushauri uizoee kuliko zote.

Ila ujue kwamba `-i` itaendesha pia sehemu iliyo chini ya `if __name__ == "__main__":`. Kama sehemu hiyo inatuma barua pepe au inaandika kwenye hifadhidata, usiingie kwa `-i`. Ingia kwenye folda lenye faili, fungua `python3`, kisha `import mauzo` na uite `mauzo.nauli(10)`. Ukibadilisha faili, fanya `import importlib` halafu `importlib.reload(mauzo)`. Watu hupenda `from mauzo import *` ili wasiandike jina la moduli kila mara. Tatizo lake ni kwamba reload haigusi majina uliyokwisha kuyaingiza kwa njia hiyo, na unabaki unajaribu funksheni ya zamani ukidhani ni mpya.

Msimbo ukiwa haupo kwenye faili, mathalani umeutoa kwenye ukurasa fulani na unataka uingie kwenye mazungumzo ambayo tayari yana data yako, tumia hii:

```
>>> import sys
>>> exec(sys.stdin.read())
```

Bonyeza Enter. Mshale unakaa kimya, hakuna `>>>`. Bandika msimbo wote, na mistari yake mitupu ikiwemo. Hakikisha mshale uko mwanzo wa mstari mpya. Kama uko mwishoni mwa mstari wa mwisho, piga Enter kwanza. Kisha Ctrl+D mara moja. Kwenye Windows ni Ctrl+Z halafu Enter. Msimbo unasomwa kama faili na unaingia kwenye vigeu vyako vilevile. Usibonyeze Ctrl+D mara mbili kwa pupa: ya pili ikimkuta mkalimani kwenye `>>>`, anafunga na data yako yote inapotea. Upungufu wa njia hii ni kwamba kosa likitokea utaambiwa `File "<string>", line 12` bila kuonyeshwa mstari wenyewe, kwa hiyo utahesabu mwenyewe. Pia terminali ya Linux katika hali hii haipokei mstari mmoja unaozidi herufi 4,095 au hapo. Orodha ndefu ya data iliyo kwenye mstari mmoja itakatwa mkia.

Kama kazi yako ya kila siku ni kujaribujaribu, weka IPython: `sudo apt install ipython3`, kisha iite kwa `ipython3`. Inapokea mzigo uliobandikwa ikiwa mzima, inaondoa yenyewe zile `>>>` na `...` ulizonakili kwenye mafunzo, na inasamehe msimbo ulionakiliwa ukiwa wote umejongezwa. Terminali ikiwa ya kizamani na kubandika kunasumbua hata humo, andika `%cpaste`, bandika, kisha mstari wa mwisho uweke vistari viwili `--` peke yake. Ndugu yake `%paste` husoma moja kwa moja ubao wa kunakili wa kompyuta inayoendesha IPython. Ukiwa umeingia kwenye seva kwa SSH haitakusaidia, kwa kuwa ubao wenye msimbo wako uko kwenye kompyuta iliyo mbele yako na si kule kwenye seva. Huko tumia `%cpaste`.

Kwenye Python 3.13, ikiwa terminali yako haitumi zile alama mbili, bonyeza F3. Alama ya `>>>` inageuka kuwa `(paste)`, unabandika, unabonyeza F3 tena kurudi. Wanaojifunza kwa simu ndani ya Termux (programu ya terminali ya Android) hawana F3 kwenye kibodi: shika kitufe cha kuongeza sauti kisha gusa 3. Kitufe cha kupunguza sauti ndicho Ctrl, kwa hiyo Ctrl+D ni kushika kupunguza sauti na kugusa d.

Watumiaji wa IDLE, kihariri cha Python yenyewe, wana kosa lao la pekee. IDLE inapokea mzigo wote, ila inakubali kauli moja tu kwa Enter moja, ndiyo maana inalia `multiple statements found while compiling a single statement`. Hakuna hila hapo. Fungua faili jipya kwenye menyu ya File, bandika humo, hifadhi, piga F5.

Na kama unacheza na vifaa vidogo kama ESP32 kwa MicroPython, kuna balaa la ngazi. Mkalimani wa MicroPython hujongeza mstari mwenyewe baada ya nukta mbili. Ukibandika msimbo ambao tayari una nafasi zake, zinajumlishwa: mstari wa pili una nafasi nane badala ya nne, wa tatu unazidi, msimbo unaporomoka kuelekea kulia kama ngazi hadi unakataliwa. Bonyeza Ctrl+E kwanza; utaona `===` badala ya `>>>`. Bandika, kisha Ctrl+D kutekeleza au Ctrl+C kughairi.

Yapo makosa mengine yanayofanana na haya kwa sura lakini yana chanzo kingine. La kwanza ni la panya. Ukianza kuchagua maandishi kutoka kwenye herufi ya kwanza ya mstari uliojongezwa, unaziacha nafasi za mstari huo nyuma, huku mistari inayofuata inakuja na zake. Mstari wa kwanza unaanzia sifuri, wa pili unaanzia nne, na unapata `unexpected indent` hata kwenye mkalimani wa kisasa. Anza kuchagua kutoka pembeni kabisa kushoto. Kama umenakili kipande cha ndani ya funksheni na chote kimejongezwa sawasawa, andika `if True:` kwanza, Enter, ndipo ubandike, ukikumbuka kanuni ya mstari mtupu.

La pili ni `input()`. Kwenye mkalimani wa zamani, bandika hivi:

```
jina = input("Jina lako: ")
print("Karibu", jina)
```

Hutapata nafasi ya kuandika jina. Mstari wa pili ulikuwa tayari kwenye foleni, na `input` ikaumeza kama jibu. Jina lako sasa ni `print("Karibu", jina)`. Msimbo wenye kuuliza maswali uendeshe kama faili tu.

La tatu ni kunakili mafunzo pamoja na alama zake. `>>> x = 5` inatoa SyntaxError, hilo linaonekana wazi. Lakini nukta tatu ni thamani halali katika Python, kwa hiyo mstari wenye `...` peke yake haulalamiki, unajibu `Ellipsis`. Ukiona neno hilo kwenye skrini, jua umenakili na alama.

La nne ndilo linalowatesa wengi kwetu, kwa kuwa msimbo unasafiri sana kwa WhatsApp na kwa nyaraka za Word. Word na kibodi za simu hubadili nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na kistari kuwa kirefu. Python 3.10 inataja herufi yenyewe: `invalid character '“' (U+201C)`. Kurasa za intaneti nazo huficha nafasi isiyokatika, inayoonekana kama nafasi ya kawaida lakini siyo: `invalid non-printable character U+00A0`. WhatsApp inachukulia nyota na mistari ya chini kuwa alama za kukoleza na kulaza maandishi, na `__init__` ni windo lake. Anayekutumia msimbo mwambie aufunge kwa alama tatu za ```` ``` ```` mwanzo na mwisho, au bora zaidi atume faili lenyewe la .py.

Kuzitafuta herufi hizi kwa macho ni kujichosha. Kwenye Linux:

```
grep -nP '[^\x00-\x7F]' mauzo.py
```

Inakupa namba ya kila mstari wenye herufi iliyo nje ya zile za kawaida za Kiingereza. Kiswahili chetu hakina herufi zenye alama juu, kwa hiyo msimbo wenye maelezo ya Kiswahili hutoka safi na kinachobaki ndicho unachokitafuta. Nafasi zisizokatika ziondoe kwa `sed -i 's/\xC2\xA0/ /g' mauzo.py`. Ukishuku mchanganyiko wa Tab na nafasi, `cat -A mauzo.py` itaonyesha kila Tab kama `^I`.

Kuna sehemu moja ambapo Kiswahili chenyewe kinaingia mtegoni: king'ong'o. Ukiandika `'ng'ombe'` kwa nukuu moja, Python inaona neno limeishia kwenye `ng`, kwa hiyo tumia nukuu mbili. Hilo hutoa kosa na utalirekebisha. Baya ni pale simu inapobadili kile kialama kuwa kilichopinda, ’, kikiwa ndani ya nukuu. Python hailalamiki, kwa kuwa ndani ya maandishi herufi yoyote inaruhusiwa. Lakini `"ng'ombe" == "ng’ombe"` ni False, na kichujio chako cha mauzo kitarudisha orodha tupu huku maneno mawili yanaonekana pacha kwenye skrini. Ukifikia hapo, usiyatazame maneno, ichapishe thamani kwa `ascii`:

```
>>> print(ascii(neno))
'ng\u2019ombe'
```

Hiyo `\u2019` ndiyo kialama kilichopinda. Kisafishe kwenye data mara tu inapoingia, kwa `neno.replace("\u2019", "'")`, kabla hujalinganisha na chochote.